Kelele za Mjengo na Masikio ya Mafundi wa Meru na Embu

Siku ya kumwaga slabu haina mapumziko ya mchana. Mjini Meru, kuanzia Makutano hadi Gitimbine, au kule Nchiru ambako hosteli za wanafunzi zinazidi kupanda kando ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, mtaa mzima huijua siku hiyo kabla jua halijakolea. Mikisa ya dizeli huwashwa saa moja asubuhi. Vijana hujipanga mstari kutoka chini hadi ghorofani, karai zikipita mkono kwa mkono. Huko juu mtu mmoja ameshika poka, ule mpira mrefu wenye kichwa cha chuma kinachotetemeka, anautumbukiza kwenye zege ili hewa itoke, na injini yake imewekwa hatua mbili tu kutoka anaposimama. Zege haliachwi nusu. Likikauka upande mmoja kisha likaungwa kesho yake, kiungo hicho ndicho kitakachopasuka na kupitisha maji. Kwa hiyo kazi huendelea mpaka slabu ijae, hata ikibidi taa ziwashwe, na kwa saa zote hizo mashine hazizimwi.

Usiku ule aliyeshika poka hulala na mlio mwembamba masikioni, kama wa nyenje asiyechoka. Anazungumza kwa sauti kubwa mezani bila kujua. Asubuhi mlio umekwisha, naye anaamini kwamba sikio limepona. Imani hiyo ndiyo mhadhara huu unataka kuiondoa, kwa sababu ndiyo inayowafanya mafundi wengi wa Meru na Embu wafikie umri wa miaka 45 wakiwa tayari wanawaomba watoto wao warudie kila jambo mara mbili.

Kinachotokea ndani ya sikio ni hiki. Sauti hutikisa kiwambo, kiwambo hutikisa vifupa vitatu vidogo, na mtikisiko huingia kwenye koklea, mfereji uliojikunja na kujaa majimaji. Humo mna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 hivi kwa kila sikio, zinazogeuza mtikisiko kuwa ishara ya neva. Kelele kubwa huzichosha kwanza. Zikipewa muda wa kutosha, saa kadhaa au siku nzima, nyingi hurejea kazini, na ndiyo maana mlio wa usiku hutoweka asubuhi. Lakini zikipigwa tena kesho na kesho kutwa, baadhi hufa, na kwa binadamu seli hizo hazioti tena. Kuku ana bahati kumshinda fundi: tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wamethibitisha kwamba seli za sikio la ndege zilizokufa humea upya. Na kuna jambo lililojulikana baadaye zaidi. Utafiti uliofanywa kwa panya na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba hata pale usikivu unaporudi katika kipimo cha kawaida, miunganisho kati ya seli na neva inaweza kuwa imeshakatika kabisa. Mlio uliokwisha asubuhi, basi, si hati ya kupona.

Uharibifu huanzia mahali pake maalumu. Seli zinazokufa mwanzo ni zile za sauti nyembamba, karibu na mitetemo 4,000 kwa sekunde. Mtu aliyezipoteza bado husikia ngoma, lori na mbwa akibweka, naye atakuapia kwamba masikio yake ni mazima. Anachokosa ni konsonanti: s, sh, f, t, k. Irabu ni nzito na hubaki. Konsonanti ni nyembamba na hupotea. Mweke mtu huyo kwenye winchi ya kupandishia zege. Aliye juu anapiga kelele, "Shusha!" Aliye chini, katikati ya mngurumo wa mikisa, anapata irabu mbili tu, u na a, na irabu hizo ndizo zilizomo pia katika "Vuta!" Ndoo iliyojaa inaelekea upande mmoja na mikono ya watu iko upande mwingine. Kupoteza usikivu saitini ni hatari kwa aliyeupoteza na kwa wote wanaofanya kazi chini yake.

Kelele hupimwa kwa desibeli, na desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Kila zikiongezeka tatu, nguvu ya sauti inayoingia sikioni huwa maradufu. Zikiongezeka kumi, huwa mara kumi. Taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inapendekeza kwamba mtu asizidishe desibeli 85 kwa saa nane za kazi. Kwa hesabu hiyo, 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja, na 100 ni dakika 15 tu. Sasa ichukuliwe grainda ya kukatia nondo, ambayo mkononi mwa mtu hufika 100 bila shida. Fundi akikata nondo tangu saa mbili hadi saa mbili na robo, masikio yake yameshapokea mgao wote wa siku. Kinachofuata hadi jioni ni nyongeza.

Kenya ina sheria, tena si mbaya. Kanuni za kuzuia na kudhibiti kelele mahali pa kazi zilitolewa mwaka 2005, na sasa zinafanya kazi chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Kikomo chake ni wastani wa desibeli 90 kwa saa nane katika siku, na mpigo mmoja usizidi 140. Kelele zikipita 85, mwenye mahali pa kazi anatakiwa kuwa na mpango ulioandikwa: kupima kelele, kufundisha wafanyakazi, kupunguza kelele kwenye mashine zenyewe, kutoa vikinga masikio, kuweka mabango, kupima usikivu, na kuupitia mpango huo kila mwaka. Kikomo cha 90 kina kasoro yake. NIOSH ilikadiria mwaka 1998 kwamba mtu anayefanya kazi miaka 40 kwenye desibeli 90 anaongezewa hatari ya asilimia 25 ya kupoteza usikivu kwa kiwango cha kumsumbua; kwenye 85 ni asilimia 8. Ni kusema kwamba kati ya mafundi wanne wanaofanya kazi kihalali kabisa, mmoja anaweza kuzibwa masikio na kazi yake. Nchi za Ulaya zimeshashuka hadi 87, tena zinamtaka mwajiri achukue hatua kuanzia 80. Kenya nayo ina kila sababu ya kushuka. Hata hivyo, kikomo kilichopo kingeokoa masikio mengi endapo kingefuatwa. Hata kwa hesabu ya 90, dakika 48 za ile grainda zinamaliza siku.

Kuna kanuni nyingine za mwaka 2009, zile za mazingira zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Hizo zinataka kelele za mjengo zinazowafikia majirani zisizidi desibeli 60 mchana katika maeneo ya makazi, na 35 usiku. Jirani anazijua kanuni hizi. Mtoto wake akishindwa kulala, huchukua simu na kulalamika, na mkandarasi husimamisha mashine. Fundi aliye nusu mita kutoka kwa mashine ileile halalamiki. Anahofia kuambiwa kesho asije.

Ardhi yenyewe huongeza kelele katika kaunti hizi mbili. Meru na sehemu za juu za Embu zimekaa kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na chini ya udongo mwekundu kuna lava iliyoganda, mwamba mgumu. Anayechimba msingi wa nyumba ya ghorofa anaweza kuwa na siku mbili za jembe na wiki nzima ya mashine ya kuvunja mwamba. Ukishuka hadi Mbeere, upande wa chini wa Embu, lava inaisha na unaingia kwenye mwamba wa kale kuliko mlima wenyewe, nao pia haukubali jembe. Mashine ya kuvunja mwamba ni kati ya vyombo vyenye kelele kubwa kuliko vyote saitini, mara nyingi juu ya desibeli 100 kwa anayeishika, na kwa sababu inatetemesha mikono pia, anayeishika huiegemea kwa kifua na kukaribisha kichwa chake palepale sauti inapotokea.

Mbeere iliijua kazi hiyo mapema. Kando ya Mto Tana, Embu inapopakana na Machakos na Kitui, mabwawa matano yalijengwa kwa zamu: Kindaruma likakamilika mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Katika Kamburu na Gitaru, vyumba vya mitambo viko chini ya ardhi. Ni zaidi ya miaka 20 ya kutoboa mwamba kwa dril za hewa na kuupasua kwa baruti, sehemu ya kazi hiyo ikiwa ndani ya mahandaki ambako sauti haina pa kukimbilia. Vijana walioshika dril zile leo ni wazee, na mzee asiyesikia vizuri hamshangazi mtu. Umri peke yake hupunguza usikivu wa sauti nyembamba, kelele nazo huanzia mlemle, na baada ya miaka 40 ni vigumu kwa daktari yeyote kutenganisha kilicholetwa na miaka na kilicholetwa na dril, isipokuwa ana chati ya usikivu iliyochorwa kijana alipoanza kazi. Chati hiyo ndiyo inayokosekana hadi leo kwa vijana wanaojenga Embu na Meru ya sasa.

Kwamba kazi ya nyundo huziba masikio si habari mpya. Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia, aliandika mwaka 1713 kuhusu wafua shaba wa Venice walioishia viziwi. Mwaka 1886 daktari Thomas Barr wa Glasgow alipima watengenezaji 100 wa matangi ya mvuke, watu waliokaa ndani ya tangi la chuma huku wenzao wakigonga misumari kwa nje. Hakumpata hata mmoja mwenye usikivu wa kawaida. Ili asije akaambiwa ni uzee, aliwapima pia wapeleka barua 100 wa mji uleule, watu wa miguu na hewa safi, na tofauti ilikuwa dhahiri. Karibu nasi zaidi, watafiti waliopima wafanyakazi wa viwanda vya chuma nchini Tanzania walichapisha mwaka 2019 kwamba asilimia 48 kati yao walikuwa wamepungukiwa usikivu, dhidi ya asilimia 31 ya walimu wa shule za msingi waliolinganishwa nao. Wastani wa kelele zilizowafikia wafanyakazi wale ulikuwa desibeli 92. Mkata nondo wa Embu yuko kwenye kiwango hichohicho au zaidi.

Sasa kinga. Msimamizi wa saiti akiulizwa amefanya nini kuhusu kelele, kama amefanya lolote, atasema amenunua vizibo vya masikio. Hilo ni jibu la mwisho ambalo limewekwa mwanzo. Kizibo kinamwachia kibarua mzigo wote: akivae, akivae sawasawa, asikivue, asikipoteze, akioshe. Kabla ya kumfikia kibarua kuna maamuzi ambayo si yake, na ndiyo yenye nguvu.

La kwanza ni mashine gani iletwe. Mafla iliyotoboka kwenye mikisa ya kukodisha, beringi iliyokwisha, boliti zilizolegea kwenye kava la injini: vyote ni kelele zinazoondolewa kwa spana na shilingi chache. Anayekodisha mashine mjini Meru huulizwa bei na kama dizeli imo. Anastahili kuombwa pia aiwashe mashine hapo hapo, mteja asimame umbali wa mkono mmoja na kumsemesha. Akilazimika kupaza sauti ili asikike kwa umbali huo, mashine iko kwenye desibeli 85 au zaidi. Kipimo hicho hakihitaji chombo, na mtu yeyote saitini anaweza kukifanya.

La pili ni mashine ikae wapi, na hapa ndipo masikio mengi yanapookolewa bure. Sauti ikiwa mahali pa wazi hupungua desibeli sita kila umbali unapoongezeka maradufu. Jenereta iliyo mita mbili kutoka kwa wapiga plasta, ikisogezwa hadi mita nne, inapungua sita. Ikifika mita nane, kumi na mbili. Ikifika mita 16, kumi na nane. Waya mrefu zaidi ndiyo gharama yote. Mawe ya kujengea yaliyorundikwa tayari yakipangwa kuwa ukuta kati ya jenereta na watu, yanapunguza tena. Kinachofanyika mara nyingi ni kinyume chake: jenereta huingizwa ndani ya jengo isiibwe wala isinyeshewe, kwenye chumba cha kuta tupu, na kuta hizo huirudisha sauti yote kwa walio ndani. Moshi wake nao humkuta fundi humohumo, na gesi ya kaboni monoksidi iliyomo huua. Mahali pa kukatia nondo pia panachaguliwa. Zikatwe zote siku moja, pembeni mwa kiwanja, na watu wawili waliokingwa, badala ya kila fundi kukata yake juu ya slabu katikati ya wenzake kumi.

Hesabu ya desibeli inafundisha jambo lingine ambalo wasimamizi wengi hukosea. Ikiwa grainda inatoa 100 na mikisa 88, kuzima mikisa hakubadilishi chochote cha kusikika. Ni grainda tu inayotawala. Fedha na juhudi ziende kwanza kwa mashine yenye kelele kuliko zote. Ikishashushwa, inayofuata ndipo itaonekana.

La tatu ni nani lazima awe karibu. Wakati mwamba unavunjwa, wachanganya mota wana sababu gani ya kukaa mita tano kutoka hapo? Saa ya kuvunja mwamba inaweza kuwekwa wakati wengine wako upande wa pili wa jengo. Na aliyeshika poka asubuhi asiishike mchana. Zamu ikibadilishwa, hakuna sikio moja linalobeba siku nzima.

Hapo ndipo kizibo kinapoingia, na kinaingia kwa masharti. Vile vya povu vinavyouzwa kwa bei ndogo vinaweza kuzuia desibeli 30 kama vimevaliwa ipasavyo, na nusu ya hapo au pungufu vinapochomekwa ovyo. Kukivaa ipasavyo ni kazi ya mikono miwili: kizibo husokotwa kwa vidole safi mpaka kiwe chembamba, mkono mwingine huzunguka nyuma ya kichwa na kuvuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, kizibo husukumwa ndani, kisha hushikiliwa kwa kidole sekunde 20 hadi 30 mpaka povu lifure na kujaza tundu. Kikitokeza nje kama kitako cha sigara, hakijaingia. Dalili ya kwamba kimekaa ni kwamba mtu husikia sauti yake mwenyewe ikiwa nzito, kama aliyesema ndani ya pipa.

Tatizo la saiti ni vidole safi. Mtu mwenye saruji mikononi hawezi kusokota povu bila kujaza sikio mchanga, na wanaokataa vizibo kwa kuogopa usaha masikioni wana hoja. Kwao vifuniko vya masikio, vile vinavyokaa kama vikombe juu ya sikio zima na kubanwa kwenye helmeti, ni bora: huvutwa chini mashine inapowaka na kuinuliwa inapozimwa, bila kugusa tundu la sikio. Bei yake ni kubwa kuliko ya povu lakini hudumu. Na pamba? Pamba haizuii cha maana. Karatasi ya chooni vilevile. Visikizi vya simu ni hatari zaidi, kwa sababu kijana huongeza muziki ili ushinde mikisa, na hapo ameongeza kelele ya pili juu ya ya kwanza.

Muda wa kuvaa nao una hesabu ngumu. Mwenye kinga ya desibeli 30 akivaa saa saba na nusu kati ya nane, na kuivua kwa nusu saa tu katikati ya kelele zilezile, kinga aliyoipata kwa siku nzima si 30 tena. Ni 12. Nusu saa ile imemla. Afadhali kinga ya wastani inayovaliwa muda wote kuliko kali inayovuliwa kila mara ili mtu asikie anachoambiwa. Hii ndiyo sababu kununua kinga kali kupita kiasi si busara: anayezibwa kabisa hujiona ametengwa, hasikii lori likirudi nyuma, naye huivua. Jibu la lori linalorudi nyuma ni mtu wa kutoa ishara kwa mikono, ishara ambazo saiti nzima imekubaliana asubuhi. Ishara hizo zinamsaidia pia fundi ambaye tayari hasikii vizuri.

Kelele pia zina washirika. Thina na rangi zenye toluini hudhuru sikio zikivutwa kwa muda mrefu kwenye chumba kisicho na hewa, na zikikutana na kelele madhara huongezeka. Baadhi ya dawa, kama jentamaisini na streptomaisini, zinaweza kuua seli zilezile. Fundi aliye kwenye matibabu ya namna hiyo amweleze daktari kazi anayofanya. Daktari asipouliza, asingoje kuulizwa.

Yote haya yanaweza kufanyika kwenye saiti moja. Shida kubwa zaidi ni kwamba fundi hana saiti moja. Mwezi huu yuko kwenye hosteli Nchiru, mwezi ujao kwenye duka Runyenjes, kisha barabara, kisha nyumba ya mtu binafsi Kangaru. Sikio lake ni lilelile, linajumlisha kila mahali, lakini kila mwajiri anahesabu kuanzia sifuri. Sheria inataka kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Siku ya slabu wako 40, juma linalofuata wako wanane, na kamati haikuundwa kamwe. Wakati Uwanja wa Moi mjini Embu ulipokuwa ukitengenezwa ili ufae sherehe za Madaraka za tarehe 1 Juni 2023, tarehe ilikuwa haisogei, na kazi ya namna hiyo hukusanya mamia ya watu kwa miezi michache na kuwatawanya. Hakuna mwajiri anayebaki na masikio yao mkononi.

Hata Marekani walikwama hapo. Kanuni zao za mwaka 1983 za kulinda usikivu, zenye vipimo vya kila mwaka, zilihusu viwanda na zikawaacha nje wajenzi. Sweden ilitafuta njia nyingine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, waajiri na vyama vya wafanyakazi vya ujenzi waliendesha kwa pamoja huduma ya afya iliyoitwa Bygghälsan. Kliniki zake, nyingine zikiwa kwenye magari, zilimfuata mjenzi popote alipohamia, zikampima pamoja na masikio yake, na rekodi ikabaki kwa jina lake badala ya jina la mwajiri. Zaidi ya wajenzi 300,000 walipita humo.

Kenya ina pa kushikia jambo kama hilo. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, tayari inawatambua mafundi kwa majina na kuwapa kadi. Kadi hiyo ingeweza kwenda pamoja na kipimo cha usikivu: cha kwanza fundi anapoandikishwa, na kingine kila anapoihuisha. Serikali za kaunti za Meru na Embu zina nguvu nyingine, ile ya kuandika zabuni. Kwenye BQ, orodha ya kazi na bei zake, ya jengo la kaunti kuna mstari wa helmeti, wa uzio na wa choo cha wafanyakazi. Uwepo mstari wa kelele, wenye bei yake: vifuniko vya masikio kwa kila aliye karibu na mashine, waya mrefu wa jenereta, upimaji wa kelele mashine zinapofika. Mkandarasi hukata kwanza kile ambacho hakikuandikwa. Kikiandikwa na kulipiwa, mkaguzi wa Idara ya Usalama na Afya Kazini ana kitu cha kuuliza.

Fidia ipo pia. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inatambua magonjwa yanayotokana na kazi sawa na ajali, na humtaka mwajiri awe na bima. Lakini anayevunjika mguu ana siku, saa na mashahidi. Anayezibwa masikio kidogo kidogo kwa miaka 15 ana waajiri 60 na hana siku hata moja ya kuonyesha. Bila chati ya mwanzo, mwajiri wa mwisho atasema alimpokea akiwa hivyo, na huenda ni kweli.

Kipimo chenyewe si kirefu. Mtu huketi kwenye chumba kimya, huvaa visikizi, na kubonyeza kitufe kila anaposikia mlio, mwembamba na mnene, sikio moja baada ya jingine. Kwa kawaida nusu saa haifiki. Sharti moja ni kwamba sikio liwe limepumzika. Kanuni za Marekani zinataka saa 14 bila kelele kabla ya kipimo cha kwanza, la sivyo uchovu wa jana utaandikwa kama uziwi wa kudumu. Kwa fundi wa Meru au Embu hilo lina maana ya Jumatatu asubuhi, baada ya Jumapili bila kazi, kabla hajakanyaga saiti. Aombe nakala ya chati, iandikwe tarehe na kazi anayofanya, na aiweke nyumbani pamoja na kitambulisho na kadi yake ya NCA. Akipimwa tena mwaka ujao, daktari atakuwa na mistari miwili ya kulinganisha, na mstari ukishuka karibu na 4,000 kabla yeye mwenyewe hajahisi lolote, bado kuna konsonanti za kuokoa.